Sikio la Mzee: kuunda upya behewa la Silberling kwa ajili ya simuleta ya treni

Majina ya watu, ya mji wenye makumbusho na ya simuleta yenyewe yameondolewa. Kilichobaki ni namna kazi ilivyokwenda, na makosa yake, kwa faida ya yeyote anayetaka kuchonga behewa la kale na kulitembeza ndani ya kompyuta.

## Usuli

Tulikuwa wanne, sote tukifanya kazi hii jioni na bila malipo. Mchongaji ni kijana wa Dar es Salaam anayeishika Blender, programu ya kuchonga maumbo kwenye kompyuta, kama seremala anavyoshika randa. Mwanafunzi ni binti anayesoma uhandisi magharibi mwa Ujerumani. Yeye ndiye aliyekuwa miguu yetu. Mzee ni mzaliwa wa Tanga aliyefika Ujerumani Magharibi mwaka 1979, akaajiriwa kusafisha mabehewa na baadaye kuyakarabati mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa mratibu, yaani mtu wa kushika orodha, kuuliza maswali na kulaumiwa.

Tulitaka kuunda seti ya mabehewa ya Silberling. Hilo ni jina la utani. Ni neno lile lile ambalo Biblia ya Kijerumani hulitumia kwa vipande thelathini vya fedha alivyolipwa Yuda, na Wajerumani waliyapa mabehewa haya jina hilo kwa sababu hayakupakwa rangi ubavuni: yalikuwa chuma cha pua kitupu. Shirika la reli la Ujerumani Magharibi, DB, lilianza kuyaunda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea kwa takriban miaka ishirini, hadi yakazidi 5,000. Yalikuwa ya safari fupi za watu wa kawaida, wafanyakazi asubuhi, wanafunzi mchana, mama mwenye kapu jioni. Daraja la tatu lilikwisha kufutwa karibu kote Ulaya mwaka 1956, hivyo hakuna Silberling lenye daraja hilo, na aliyewahi kuliweka kwenye modeli yake ajue amebuni.

Kwa kipimo, behewa lina mita 26.4 kutoka bafa hadi bafa, yaani vile vizuizi vya mgongano vya kila ncha. Kila ubavu una milango miwili mipana ya kukunja, haikuwekwa kwenye ncha bali theluthi moja kutoka kila upande, ikiligawa behewa katika vyumba vitatu. Behewa la daraja la pili lilikuwa na viti 96. Chini ya madirisha, bamba la chuma limesuguliwa mviringo kwa mviringo, duara likipanda juu ya duara, mapambo ambayo Wajerumani huyaita jicho la tausi. Ukitaka kuyaona bila kusafiri, chukua sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa nyuzi za chuma, uigeuze juani. Mng'ao unatoka kwenye kila duara kama kipepeo, na unazunguka kadiri unavyosogeza kichwa.

Neno moja niliweke sawa mapema. Mitaani kwetu mtu akisema bogi mara nyingi ana maana ya behewa zima. Hapa bogi ni ule mkokoteni wa chuma wenye ekseli mbili unaokaa chini ya kila ncha ya behewa. Kati ya kitovu cha bogi moja na cha nyingine kuna mita 19, na ndani ya bogi moja ekseli ziko mita 2.5 kutoka moja hadi nyingine. Namba hizi mbili zitarudi.

## Siku tuliyoichagua kwanza

Mpango wa awali ulikuwa kiangazi cha 1967. Sababu, niseme ukweli, ilikuwa moshi. DB iliendesha treni zake za mwisho za mvuke mwaka 1977, na wapenzi wa simuleta wanapenda mvuke kuliko wanavyopenda usingizi. Tukaona kwamba Silberling jipya linalong'aa, likivutwa na kichwa cheusi cha mvuke, litakuwa picha tamu. Hatukujiuliza kama tuna ushahidi wa kutosha wa mwaka huo. Tulikuwa na michoro ya vipimo na picha chache za rangi zilizofifia. Zaidi ya hapo tulikuwa na matumaini.

## Yaliyotokea

Mchongaji alianza na umbo. Vipimo alivyokuwa na uhakika navyo alivifanya rula: kwa picha ya ubavuni iliyonyooshwa, mita 19 za kati ya bogi na 2.5 za ekseli zilimpa upana wa dirisha, kimo cha ngazi na nafasi ya mlango. Njia hii ni nzuri na ningeipendekeza kwa yeyote. Umbo lilitoka safi ndani ya wiki chache.

Wakati huo Mwanafunzi alipanda treni hadi mji wenye makumbusho ya reli, ambako behewa moja la aina hii limehifadhiwa. Alipiga picha kila kitu: vishikizo vya milango, nati za bafa, mirija minene ya mpira inayoziba njia kati ya behewa na behewa, hata chini ya viti. Alirekodi pia sauti za mlango na za treni ikitembea polepole kwenye reli ya makumbusho. Alirudi na hazina, nasi tukaipokea kama hazina. Hapo ndipo kosa letu kubwa lilipoingia, likiwa limevaa nguo nzuri.

Behewa la makumbusho lilikuwa linang'aa kupindukia, limesuguliwa na watu wanaolipenda. Mchongaji alinakili mng'ao huo. Kwenye simuleta ya kisasa kila uso una ramani zake: moja ya rangi, moja ya ukwaru, moja ya mielekeo inayoidanganya nuru ione mikwaruzo pale ambapo pametambarika. Macho ya tausi aliyachora moja moja kwenye ramani ya mielekeo. Ukisimama mita mbili kutoka behewani, ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Treni ilipopita mbele ya kamera kwa kilomita 60 kwa saa, ubavu wote uligeuka maji yanayochemka. Maelfu ya viduara vidogo kuliko nukta za skrini vilikuwa vikipigania nafasi, na kila fremu ilichagua mshindi mwingine. Mjaribu wetu mmoja alituandikia kwamba alilazimika kuangalia pembeni.

Kosa la pili lilikuwa la namba. Katikati ya miaka ya 1960 mabehewa ya Ulaya yalianza kupewa namba za tarakimu 12, na namba hizo si bahati nasibu. Kwenye 50 80 22-11 123-3, tarakimu 50 zinasema behewa ni la safari za ndani ya nchi, 80 ni Ujerumani, 2 inayofuata ni daraja la pili. Tarakimu ya saba inasema kasi: 0 hadi 2 ni kwa behewa lisilozidi kilomita 120 kwa saa, 3 hadi 6 ni kwa lililoruhusiwa kufika 140. Sisi tulinakili namba ya behewa la makumbusho, ambalo katika maisha yake liliboreshwa na kupandishwa kasi, tukaibandika kwenye behewa la 1967 ambalo kwenye faili letu lilikuwa na kikomo cha 120. Tena tukatunga namba nyingine tano kwa kubadilisha tarakimu tatu kabla ya ile ya mwisho, bila kugusa ya mwisho.

Ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua 50 80 22-11 123. Kutoka kushoto, zidisha kila tarakimu kwa 2, 1, 2, 1 kwa zamu: unapata 10, 0, 16, 0, 4, 2, 2, 1, 2, 2, 6. Sasa jumlisha tarakimu, si namba. 10 ni 1 na 0, 16 ni 1 na 6. Jumla ni 27. Kinachopungua kufika 30 ni 3, na 3 ndiyo inayoandikwa baada ya kistari. Ukibadilisha 123 kuwa 124 na kuiacha 3 pale pale, umeandika namba ambayo karani yeyote wa reli angeikataa. Namba zetu tano zote zilikuwa za aina hiyo. Mjaribu aliyezikagua alifanya hesabu akiwa ndani ya basi.

Makosa haya mawili yalituaibisha, lakini yalikuwa makosa ya kurekebisha. La tatu lilitufungua macho.

Tulimwita Mzee kwa simu ya video ili aone maendeleo. Mpaka hapo tulikuwa tukimtumia kwa rangi tu: kiti kilikuwa kijani gani, dari lilikuwa jeupe au la maziwa. Mwanafunzi alimuamkia, akamwonyesha behewa limesimama. Mzee akacheka.

"Mwanangu, hili mmelipeleka harusini?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Linang'aa mno. Sisi ndio tuliokuwa tukiyasugua, na hayakung'aa hivi. Yaling'aa kama sufuria ya shule. Lina mng'ao, lakini lina historia. Na huku chini, karibu na magurudumu, pawe na kutu ya breki. Ile vumbi ya kahawia haikuwa ikitoka hata ufanyeje."

Mchongaji aliandika. Kisha akaiendesha treni ili Mzee aone ikipita kwenye reli yenye maungio. Mzee alinyamaza, akageuza uso pembeni, akasikiliza. Akaomba arudiwe. Mara ya tatu akasema:

"Kijana, behewa lako linachechemea."

Hatukuelewa. Picha ilikuwa sahihi, bogi zilikuwa mahali pake. Mzee akapiga meza kwa vidole: ta-ta, kimya kirefu, ta-ta ta-ta, kimya kirefu, ta-ta ta-ta. "Behewa na behewa zinapokutana, magurudumu yanafuatana upesi. Lako linachelewa pale. Linavuta mguu."

Ilituchukua siku mbili kulipata. Simuleta hairejelei picha kujua ekseli ziko wapi. Inasoma faili la maandishi linalokaa pembeni ya modeli. Mchongaji alikuwa amenakili faili hilo kutoka behewa alilolitengeneza mwaka uliotangulia, la mita 24.5, lenye mita 17.2 kati ya bogi. Alibadilisha urefu na uzito, akasahau mstari huo mmoja. Macho yaliona bogi za mita 19 kwa sababu zilichongwa hivyo. Sauti na mwendo kwenye kona vilifuata 17.2.

Tulipopiga hesabu tulishangaa jinsi kosa lilivyojificha. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 300, katikati ya behewa husogea ndani kwa takriban sentimita 15 bogi zikiwa mita 19 mbali, kwa 17.2 ni sentimita 12. Hakuna jicho linaloziona sentimita tatu za treni inayotembea. Lakini kwa kilomita 60 kwa saa, umbali kutoka ekseli ya mwisho ya behewa moja hadi ya kwanza ya behewa linalofuata ni mita 4.9, ambazo hupitwa kwa sekunde 0.29. Kwa faili letu zilikuwa mita 6.7, yaani sekunde 0.40. Sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mtu aliyefanya kazi kando ya reli miaka mingi aliisikia kupitia spika ya simu.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ndio uliouma: tuliiacha 1967. Tulikaa na orodha ya kila tulichokijua na kuandika mbele yake ushahidi ni wa mwaka gani. Michoro ilifaa mwaka wowote. Picha za Mwanafunzi zilikuwa za behewa lililokarabatiwa miaka mingi baadaye. Kumbukumbu za Mzee, ambazo ndizo zilizokuwa nono kuliko zote, zilianzia 1979. Kwa 1967 tulikuwa na picha sita. Tungeweza kuendelea, na watu wengi wasingejua, lakini kila swali dogo tungelijibu kwa kubahatisha, na majibu ya kubahatisha yangetoka kwenye miaka ya 1980 hata hivyo. Tukachagua siku ya Novemba 1983.

Mchongaji hakufurahi. "Umeniulia mvuke wangu," aliniambia. Nami sikuwa na la kumjibu, ni kweli niliuua.

Novemba 1983 ilitupa zawadi ambazo hatukuzitarajia. Kichwa tulichokichagua ni cha dizeli cha aina ya 212, ambacho kabla ya namba mpya za DB za Januari 1968 kiliitwa V 100. Kasi yake ya juu ni kilomita 100 kwa saa, hivyo ule ugomvi wa 120 na 140 haukuwa na maana kwa dereva, ingawa kwa namba ya ubavuni ulibaki na maana. Kikubwa zaidi, aina ya 212 ina bwela ndogo ya kupashia mabehewa joto kwa mvuke. Asubuhi ya baridi, mvuke ulikuwa ukivuja kwenye mabomba kati ya behewa na behewa. Mzee alitueleza kwamba mtu aliyesimama jukwaani alijua behewa gani lina bomba bovu kabla treni haijasimama. Mchongaji akapata mvuke wake kwa mlango wa nyuma, akautengeneza kwa moyo wote: mwembamba, mweupe, unalala chini na kufutika treni inapoondoka.

Kuhusu macho ya tausi, tuliacha kuyalazimisha yaonekane kila mahali. Kwa umbali wa karibu ramani ya mielekeo ilibaki. Kadiri kamera inavyorudi nyuma, mikwaruzo inaondolewa kwenye ramani hiyo na uzito wake unahamishiwa kwenye ramani ya ukwaru, ili bamba lililokuwa na viduara elfu liwe bamba moja lenye mng'ao uliotawanyika kwa kiasi kile kile. Tulijaribu viwango vingi. Kilichotusaidia kuamua ni sufuria halisi, ambayo Mchongaji aliitundika kwenye kamba ya nguo uani, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiipiga picha hadi viduara vikapotea na kubaki weupe uliofifia. Mama yake aliuliza kama masomo yamemshinda.

Sauti ya reli tuliivunja. Badala ya mkanda mmoja unaojirudia, kila ekseli ilipewa pigo lake linalolia inapovuka kiungo cha reli. Rekodi ya makumbusho haikufaa kwa mdundo kwa sababu treni ile ilikwenda polepole mno, lakini pigo moja lililokatwa humo lilifaa, na mdundo ukajitengeneza wenyewe kutokana na vipimo.

Ndani, tulikataa kufanya kila kitu. Behewa la daraja la pili lilipata viti, meza ndogo za dirishani na vyombo vya majivu ya sigara. Behewa lenye mchanganyiko wa daraja la kwanza na la pili lilipata mstari wa manjano juu ya madirisha ya daraja la kwanza kwa nje, na kwa ndani tukaweka vyumba visivyoingilika. Behewa la kuongozea, lile lenye kibanda cha dereva nyuma ya treni ambalo Wajerumani hulitania kuwa banda la sungura, tuliliahirisha kabisa. Kibanda cha dereva kinaomba swichi zinazofanya kazi, na swichi zilihitaji mtu aliyewahi kuzishika. Mzee alizisafisha tu.

## Matokeo

Tulitoa seti ya behewa la daraja la pili na la mchanganyiko, kila aina kwa viwango vitatu vya uchafu. Namba zote zilipitishwa kwenye hesabu ya ukaguzi na kijiprogramu cha mistari michache. Maandishi ya ubavuni yaliandikwa kwa herufi za DIN 1451, mtindo wa herufi wa kiwango cha Kijerumani, baada ya toleo la kwanza kutumia herufi zilizokaribiana nazo tu.

Mapokezi yaligawanyika. Waliotaka mvuke hawakusamehe. Kundi jingine liliuliza kwa nini mabehewa si ya rangi ya chungwa na kijivu, kwa kuwa waliona picha zake yakiwa hivyo. Picha zilikuwa za kweli: mwaka 1984 DB ilianzisha huduma ya City-Bahn kati ya Köln na Gummersbach kwa mabehewa haya haya yaliyokarabatiwa na kupakwa rangi hizo. Sisi tulikuwa miezi michache kabla. Nilijibu ujumbe huo mara nyingi hadi nikauhifadhi kwenye simu.

Kompyuta dhaifu ziliendesha treni ya mabehewa sita bila kukwama, jambo lililotokana na ngazi za umbali, yaani maumbo mepesi ya behewa yanayotumika kamera ikiwa mbali, ambazo Mchongaji alizikata bila huruma.

Wiki ya pili, mtumiaji mmoja alituma picha ya ndani ya behewa na swali fupi: mbona vibandiko vya kukataza kuvuta sigara viko vyumba vyote vitatu, na vyombo vya majivu viko pale pale? Alikuwa sahihi. DB ilipiga marufuku sigara kwenye treni zake zote mwaka 2007; mwaka 1983 behewa lilikuwa na sehemu ya wavutaji. Vibandiko vyetu vilitoka kwenye picha za makumbusho, ambako leo hakuna mgeni anayeruhusiwa kuwasha sigara. Tulikuwa tumehamisha mwaka, tukafuta mng'ao, tukabadilisha namba, na bado karatasi tatu ndogo za makumbusho zilibaki ukutani.

## Uchambuzi

Nikitazama nyuma, karibu makosa yetu yote yana mzazi mmoja: tulilichukulia behewa kama kitu, wakati lilikuwa na umri. Behewa lililohifadhiwa limebeba miaka yote kwa wakati mmoja. Fremu ni ya mwaka lililoundwa, namba ni ya matengenezo ya mwisho, kibandiko ni cha sheria ya leo, mng'ao ni wa mapenzi ya wanaolitunza. Kila kipande ni cha kweli, na ukivikusanya unapata behewa ambalo halikuwahi kutembea siku yoyote. Orodha ya "jambo, na ushahidi wake ni wa mwaka gani" ilipaswa kuandikwa kabla ya Mwanafunzi kukata tikiti ya kwenda makumbusho. Tuliiandika mwezi wa nne wa kazi. Hata tulipoiandika, iliorodhesha vitu vikubwa, na vibandiko havikuwa kitu kikubwa kwa yeyote kati yetu.

Faili lililonakiliwa ni kosa la aina nyingine, na silihesabu kama uzembe wa Mchongaji. Kunakili faili la zamani ndivyo kila mtu anavyofanya, nami ningefanya vivyo hivyo. Udhaifu ulikuwa kwamba kipimo kimoja kiliandikwa mahali pawili, kwenye umbo na kwenye maandishi, na hakuna aliyevilinganisha. Sasa tunavilinganisha kwa kijiprogramu, pamoja na zile namba za ubavuni.

Kumtumia Mzee kwa rangi pekee lilikuwa kosa langu. Nilidhani shahidi ni wa kuulizwa, nikamwandalia maswali, na maswali yangu yote yalikuwa ya macho kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya kazi kwa macho. Lililokuwa na thamani hakuna aliyemuuliza. Lilitoka alipoachwa asikilize. Hata hivyo Mzee naye ana mipaka yake, na alikuwa wa kwanza kuisema. Tulipomuuliza mabehewa yalionekanaje yakiwa mapya, alitujibu: "Hayo waulizeni walionitangulia." Kama tungeshikilia 1967, tungemfanya atoe ushahidi wa siku ambayo hakuwapo, na heshima tuliyompa ingetuzuia kumpinga.

Uamuzi wa kuhamisha siku bado unajadiliwa kati yetu. Mchongaji anaamini tungeweza kupata picha za 1967 kama tungesubiri mwaka mmoja zaidi. Huenda. Mimi naona seti iliyotoka ni bora kuliko seti inayosubiri, ingawa nakiri kwamba mtu asiyechonga huona subira ni ghali kuliko anavyoiona mchongaji. Kuhusu banda la sungura sina shaka: kuliahirisha kulikuwa sawa, na bado halijatoka.

Kuna jambo moja ambalo sijui niliweke upande wa mafanikio au wa makosa. Sauti ya mlango iliyorekodiwa makumbusho ilikuwa safi, lakini Mzee aliikataa. Mpira ni mpya, alisema, bawaba zimetiwa mafuta, hakuna behewa la asubuhi ya Jumatatu lililofunga mlango kwa adabu hivyo. Tulitafuta rekodi ya miaka ile na hatukuipata ya kutumika. Jioni moja alitutumia faili la sauti bila maelezo. Mlio ulikuwa mzito, wa vipigo viwili, cha pili kikifuatwa na mtetemo wa bamba. Wote watatu tulisema ndio huo. Tulipomuuliza ameupata wapi, alisema ni mlango wa chuma wa ghala la chini la jengo analoishi, ameusukuma kwa bega. Ndio unaolia kwenye mabehewa yetu mpaka leo.